Ampea Sitini za Nguzo ya Saba

Atupele Mwakisisile alikuwa fundi wa tatu kuitwa nyumba namba kumi na saba, na mwenye nyumba hakuficha kwamba alikuwa amechoka na mafundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa kwanza alibadilisha kebo. Wa pili akabadilisha chaja nzima. Wewe, binti, umekuja kubadilisha nini?"

"Bado sijui, mama. Nataka kwanza nilione gari likigoma."

Mama Tusekile alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akafungua geti. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya ukunga, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijivu lililopauka viwikoni. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, lenye tope jekundu hadi kwenye vitasa. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa, na mahali pake palikuwa na godoro jembamba lililofunikwa plastiki.

"Linaanza kuchaji vizuri kabisa," alisema mkunga. "Saa sita na dakika arobaini linakata. Halirudi tena mpaka saa kumi na nusu, na hapo jua limeshapungua, umeme wenyewe wa kuchungulia. Ikifika magharibi Mgawaji ananyonya kutoka kwenye betri ya gari ili taa za mtaa ziwake. Nikiamka asubuhi nina asilimia thelathini. Kila siku. Mwezi wa tano huu tangu nilipate gari hili."

Mgawaji hakuwa mtu, ingawa Mbeya nzima ilimtaja kama mtu. Ilikuwa ni programu ya ushirika wa umeme, iliyokaa kwenye kila transfoma na kila nguzo, ikipandisha na kushusha kikomo cha kila nyumba kila dakika kumi. Adhuhuri, umeme wa jua ulipofurika kutoka bonde la Usangu, ilifungulia magari yachaji. Jioni ilikopa kutoka kwenye magari hayohayo. Watu waliizoea kama walivyozoea baridi ya Juni.

"Na wewe unadhani ni nini, mama?"

Mkunga aliinua kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yenye geti la bati la buluu. "Namba kumi na tisa. Mwalimu Ambilikile. Anaishi peke yake tangu mke wake apone na kwenda Sumbawanga kwa binti yao. Sasa niambie, mtu mmoja, mstaafu, kila siku mchana anaingiza watu wenye mabegi. Wanaingia wazima, wanatoka saa kumi wamelegea, wengine wanashikwa mkono. Mimi nadhani anachajisha betri za watu na kuziuza, na huko ndani wanapewa pombe. Au kitu kibaya zaidi. Nimemwuliza mara mbili. Mara zote mbili amenijibu kwamba hakuna mtu."

Atupele alifungua begi lake la zana.

*

Alianza na vitu ambavyo wenzake walipaswa kuanza navyo. Alipima volti kwenye sanduku la breka za umeme gari likiwa halichaji, akapata mia mbili thelathini na moja. Akawasha chaja, akapima tena: mia mbili ishirini na tano. Zimeshuka kidogo tu, kwa hiyo waya wa kutoka nguzoni ulikuwa mzima. Aligusa breka moja moja kwa mgongo wa kidole kutafuta iliyopata moto, hakuona. Akatoka nje, akachimbua kidogo pale fimbo ya erthi ilipozama ardhini, maana kiangazi udongo ukikauka chaja nyingi hujizima zenyewe kwa usalama. Udongo ulikuwa na unyevu na kipimo kilikuwa kizuri.

"Jikoni kuna nini kimewashwa?"

"Friji. Na hita ya maji, lakini hiyo nimezima tangu asubuhi. Siku hizi naoga maji ya kuni kwa sababu ya gari hili."

Saa sita na nusu walikaa wote wawili kwenye ngazi ya baraza, macho kwenye chaja. Kioo chake kidogo kilionyesha ampea thelathini na mbili. Mkunga alikuwa ametulia sana.

"Siku kumi na moja zilizopita," alisema bila kuulizwa, "nilimfuata binti mmoja anaitwa Tumpe, kule juu mlimani, ambako gari la wagonjwa halifiki. Mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa na asilimia thelathini na moja. Siku ya jua na barabara kavu, ingetosha kwenda na kurudi. Ikanyesha. Gari likazimika tukiwa tunarudi, pembeni ya shamba la viazi. Nimemzalisha palepale kwenye godoro, mvua inaingia. Mtoto alikaa dakika saba bila kulia."

"Yuko hai?"

"Yuko hospitali kubwa. Anapumua. Zaidi ya hapo hakuna anayejua."

Kioo cha chaja kikabadilika. Thelathini na mbili. Kumi na nne. Tano. Ndani ya kisanduku kitu kikagonga mara moja, na taa ya kijani ikawa nyekundu.

"Umeona?" mkunga alisema kwa sauti ndogo.

Atupele alikuwa ameona, na alikuwa ameshaelewa nusu ya jambo. Chaja haikuwa mbovu. Chaja yoyote ya gari haiwezi kufanya kazi chini ya ampea sita. Ikipewa tano, inajizima. Mtu alikuwa amewaachia tano.

Alitoa kalamu yake, ule ufunguo mwembamba ambao kila fundi wa ushirika alikuwa nao, akaichomeka kwenye mita. Orodha ya amri za Mgawaji ikashuka kwenye kioo cha mkononi. Nguzo ya saba ililisha nyumba mbili tu, kumi na saba na kumi na tisa, kwa kebo moja ya zamani ya ampea sitini. Na kila siku, saa sita na dakika arobaini, ampea arobaini na tano kati ya hizo sitini zilitengwa kwa namba kumi na tisa, zitumike zisitumike. Sababu iliandikwa kwa maneno matatu: *hitaji la uhai.*

Huo ulikuwa muhuri mkubwa kuliko yote. Nyumba yenye mgonjwa wa mashine ilipewa, na Mgawaji hakuthubutu kuigusa. Muhuri ulipigwa na fundi aliyekwenda nyumbani na kumwona mgonjwa kwa macho, kisha ukathibitishwa upya kila miezi sita.

Chini ya muhuri kulikuwa na nambari ya fundi. Atupele aliisoma mara mbili. Kisha akaichomoa kalamu.

"Umeona nini?" aliuliza mkunga.

"Naomba kwanza niende ng'ambo, mama. Nikirudi nitakwambia."

*

Alipokuwa anavuka barabara ndipo alipoikumbuka nyumba ile, iliyokuwa imepotea kati ya nyingi alizozunguka. Miaka miwili nyuma alimkuta mke wa Mwalimu amelala kwenye kochi, amevimba uso, mashine ya kusafisha damu pembeni yake. Alipiga muhuri akijisikia mtu mwema. Uthibitisho wa kwanza alikuja. Uliofuata kulikuwa na mvua, nyumba zilikuwa nyingi, na yeye alikuwa ofisini na chai ya moto. Akabonyeza *bado linahitajika*. Na uliofuata huo, vilevile.

Mwalimu Ambilikile alifungua geti kiasi cha kupitisha pua, asionyeshe kumtambua.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi wa ushirika."

"Marahaba. Sijaita fundi."

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Amelala."

"Mama amelala hapa, au Sumbawanga?"

Mzee alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti juu ya fulana, na macho yake yalikwenda kwenye kalamu iliyokuwa shingoni mwa Atupele yakakaa hapo. Kutoka ndani ulisikika mvumo, kama wa friji kadhaa kwa pamoja.

"Mwalimu, kwa sheria naweza kuingia. Lakini ningependa unikaribishe."

"Ukiingia," alisema mzee, "uvue viatu na unawe mikono mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

Sebule haikuwa na makochi tena. Kulikuwa na viti viwili vya kuegemea, mashine mbili, matangi ya maji na chujio lililofika darini. Kwenye kiti kimoja alikaa kijana wa kama miaka ishirini na sita, mikono yake ina weusi wa grisi usiotoka, mirija myekundu ikitoka mkononi na kurudi. Kwenye kingine alikuwa mama wa makamo amefumba macho, akisogeza midomo kama anayehesabu. Mtu wa tatu, mwanamke mwenye bandeji mkononi, alikuwa anasoma namba kwenye mashine na kuziandika kwenye daftari.

"Huyo ni Sista Ngwara," alisema Mwalimu. "Ni nesi mstaafu, na ni mgonjwa pia. Zamu yake ni kesho, na mwenzake wa kesho ni mpiga chapa wa pale sokoni. Wako wanne."

"Na mama?"

"Mdogo wake alimpa figo. Anauza vitenge, amenenepa." Alijaribu kutabasamu ikashindikana. "Alipopona nilitaka kurudisha mashine. Huyu kijana alikuwa jirani yetu kwenye foleni ya hospitali. Anapewa zamu moja kwa wiki, anahitaji tatu. Nikamwambia njoo mpaka upate nafasi. Akaja na mwenzake. Mashine ya pili tumeiunganisha kutoka kwenye mbili mbovu."

"Kwa nini hukuandikisha majina yao?"

"Wewe ndiye fundi, unaniuliza mimi? Muhuri ni kwa mgonjwa mmoja anayelala nyumba hiyohiyo. Ningesema ukweli ungefutwa siku hiyohiyo." Akashusha sauti. "Nilijua siku moja mtakuja kuthibitisha. Kila miezi sita nilikaa dirishani nikingoja. Hamkuja. Nikadhani kuna mtu huko ofisini anajua na ametuhurumia."

Atupele hakuweza kumtazama. Alichukua kipimo chake cha koleo, akakibana kwenye waya mkubwa wa kuingia ndani, akangoja mashine zote mbili na chujio vivute umeme kwa pamoja. Ishirini na saba. Nyumba nzima, ampea ishirini na saba. Nyingine kumi na nane zilitengwa zikakaa bure, na ng'ambo ya barabara gari la mkunga lilikuwa limekufa kwa kukosa moja.

*

"Umekaa dakika arobaini," alisema Mama Tusekile getini. Hakuwa amehama. "Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mama."

"Mafundi wote wawili walikwenda kumsalimia. Wote walirudi na kuniambia chaja. Sasa na wewe uniambie chaja."

"Hao ni mafundi wa mtaani, mama, hawana kalamu ya ushirika, hawakuuona muhuri. Umeme wako umekatwa kwa hitaji la uhai la nyumba ile."

"Uhai wa nani? Mke amepona!"

"Ndiyo. Aliyepaswa kuja kuangalia hakuja. Alithibitisha akiwa ofisini, mara mbili."

"Nani huyo? Nambari si inaandikwa? Nisomee."

Atupele angeweza kusema nambari tu. Mkunga asingejua ni ya nani. "Ni yangu," alisema.

Mama Tusekile hakupiga kelele. Alimwangalia kwa muda mrefu kwa namna ambayo Atupele alidhani pengine ndivyo anavyowaangalia waume wanaochelewa kumleta mke. Kisha akampita, akavuka barabara, akasukuma geti la buluu bila kubisha.

Alipoingia sebuleni alisimama. Atupele, nyuma yake, alimwona akiitazama mirija, mashine, daftari. Alikuwa mtu wa hospitali, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama Mkunga," alisema Mwalimu.

"Nilikuuliza mara mbili. Getini kwako, mara mbili."

"Niliogopa utasema."

"Na mimi nilidhani unauza pombe. Kama ungeniambia, Mwalimu! Kuna mtoto hospitali hajulikani kama anasikia."

Yule kijana mwenye grisi alijaribu kuinuka kitini, Sista Ngwara akamrudisha begani kwa kiganja. "Mama, mimi siku zote nilidhani ni umeme wa jua tu, wa bure," alisema kijana.

Atupele alieleza, amesimama katikati yao kama mwanafunzi. Angeweza kuliandikisha gari la mkunga kuwa nalo ni hitaji la uhai, maana hadi leo lilikuwa limeandikwa gari la matembezi. Lakini nguzo moja ikiwa na mahitaji mawili ya uhai, Mgawaji hupima mwenyewe nani apate. Na hupima kwa miaka: anayetarajiwa kuishi mingi zaidi ndiye anashinda.

"Mtoto mchanga dhidi ya sisi," alisema Sista Ngwara.

"Mtoto angeshinda kila siku. Mashine zingezimika damu ikiwa nje."

"Na ukiupunguza muhuri? Sisi hatutumii arobaini na tano."

"Nikiufungua, unataka alama ya kidole cha mgonjwa mwenyewe. Mama yuko Sumbawanga na figo mpya. Muhuri utafutika hapohapo."

"Basi usiuguse," alisema Mwalimu haraka. "Tutapanga saa na Mama Mkunga. Nani atajua?"

Atupele alihisi jinsi ambavyo lingekuwa jepesi: chaja ingeshushwa iwe ya ampea ishirini, isimsikilize tena Mgawaji bali kipimo kidogo cha mkono. Ishirini na saba za huku, kumi za nyumba ya mkunga, ishirini za gari. Hamsini na saba. Ilitosha, na ingekuwa imetosha miezi yote mitano. Kalamu yake ingebaki shingoni. Kisha angekaa akingoja kila hatua inayosikika mlangoni, kama Mwalimu alivyokaa dirishani.

"Tumpe ataambiwa nini?" aliuliza mkunga. Hakuwa anamwuliza Mwalimu.

*

Kwenye kila nguzo kulikuwa na swichi ya matengenezo. Fundi aliruhusiwa kuitoa nguzo mikononi mwa Mgawaji na kuiendesha kwa mkono kwa siku tatu, mradi aandike ripoti. Atupele alipanda, akaigeuza, akashuka, akaishusha chaja ya mkunga hadi ishirini. Taa ikarudi kijani. Mashine za ng'ambo hazikutetereka.

Kisha akakaa kwenye ngazi za baraza akaandika yote: muhuri, wagonjwa wanne, gari, mara mbili alizobonyeza bila kwenda. Alimsomea mkunga, akamsomea Mwalimu. Mwalimu alisikiliza akiwa amekunja mikono, na mwisho akasema, "Umetuua," akaingia ndani.

Siku ya tatu wanachama wa ushirika walikutana kwenye uwanja wa shule. Walikuja wengi, maana habari ilishaenea kwamba muhuri wa uhai ulikuwa umetumika bila mgonjwa, na kila mtu sasa alikuwa anamtazama jirani yake mwenye taa nyingi. Baba mmoja alitaka Mwalimu akatiwe umeme kabisa. Mwingine aliuliza Atupele ni mihuri mingapi mingine aliyoithibitisha akiwa ofisini.

"Kumi na minne," alisema, na uwanja ukalipuka.

Ilikaguliwa yote kumi na minne juma hilohilo. Kumi na moja ilikuwa ya kweli. Miwili wagonjwa walikuwa wamefariki na familia hazikusema. Mmoja ulikuwa unaendesha pampu za kuoshea malori.

Kuhusu nguzo ya saba, Mama Tusekile ndiye aliyesimama. Alisema kwamba yeye ndiye mlalamikaji, na halalamiki tena kuhusu umeme. Analalamika kwamba amekaa mita thelathini kutoka kwa watu wanne wanaosafishwa damu asijue, na wao hawakujua gari lake linabeba nini. Aliomba nguzo iendelee kuendeshwa kwa mkono, nyumba mbili zipimiane zenyewe. Walibishana hadi mchana. Mwisho walikubali kwa miezi sita, kwa tofauti ya kura tisa. Mwalimu alikatazwa kuongeza mashine ya tatu. Atupele alivuliwa kalamu kwa mwaka mzima.

Hakubisha. Aliivua shingoni yeye mwenyewe.

*

Siku iliyofuata mkutano alikwenda hospitali kubwa. Mkunga alijitolea kumsindikiza, Atupele akakataa.

Tumpe alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda kidogo cha kioo. Mtoto alikuwa amelala, kofia ya sufu ya njano imemfika kwenye nyusi. Atupele alijitambulisha. Alieleza pole pole, kuhusu nguzo na muhuri na ofisi yenye chai ya moto, hakuacha kitu. Alipomaliza alijikuta amesimama mikono ikiwa nyuma.

Tumpe alikuwa anamtazama mtoto.

"Hao watu wa damu," alisema baadaye. "Ni wangapi?"

"Wanne."

"Wazima?"

"Wazima. Wanaendelea."

"Na gari la Mama Mkunga linachaji?"

"Linachaji."

Msichana aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepanga vitu kwenye kabati. Aliingiza kidole kwenye kiganja cha mtoto, na vidole vile vidogo vikakizunguka, si kwa nguvu sana.

"Daktari anasema tutajua akifika miezi mitatu kama anasikia," alisema. "Dada, leo usiniombe msamaha. Njoo siku hiyo. Njoo ukae hapa na mimi tusikilize wote majibu."

Atupele aliuliza ni tarehe ngapi. Tumpe akamtajia, naye akaiandika.